Waya wa Oringi Kumi na Nne: Mzee Baridi Astaafu

Kabla ya kumwandika Mzee Baridi, nina jambo la kukiri ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Jumatano ya wiki yake ya mwisho kazini nilimdanganya. Nilitunga oringi ya uongo kwenye waya wake, akahesabu, akaridhika, akaenda zake nyumbani. Nitaeleza ilivyokuwa, na kwa nini nimeona nilitoe hili. Jarida letu linatoka leo Jumatatu, yeye ameshaondoka, kwa hiyo tunaosoma ni sisi wa gereji tu.

Mzee Baridi, fundi wetu wa viyoyozi vya magari, amestaafu Ijumaa iliyopita, tarehe thelathini Juni, baada ya kuitumikia gereji hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina lake halisi liko kwenye faili. Sisi sote, pamoja na meneja, tumemwita Mzee Baridi, na mwenyewe alikuwa akipokea simu kwa jina hilo.

Ufundi aliuanzia kwenye kiwanda cha barafu akiwa kijana. Alipokuja hapa, gereji ilikuwa na shimo moja la kukagulia magari na bomba moja la maji. Ni miaka ileile ambayo gesi ya zamani ya viyoyozi, R12, ilianza kuondolewa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na R134a ikaingia. Mafundi wengi waliona ni kazi nyepesi: wakajaza gesi mpya juu ya mafuta ya zamani, gari likapoa siku tatu, siku ya nne kompresa, mtambo unaosukuma gesi, ikakwama. Yeye alikaa Jumamosi mbili na kitabu cha maelekezo na kamusi, akatoka na utaratibu ambao hajaubadilisha mpaka leo. Mabaki ya gesi ya zamani yanavutwa kwenye mtungi, hayaachiwi hewani. Mafuta ya zamani yanamwagwa, mabomba yanasafishwa ndani, chujio la kunyonya unyevu linawekwa jipya. Na kila oringi, yaani kile kipete cha mpira kinachoziba ungio la bomba, inatolewa na kuwekwa mpya ya kijani, kwa kuwa gesi mpya na mpira mkongwe havipatani.

Tangu hapo, hakuna gari alilolibadilishia gesi yeye lililorudi kwa kuvuja. Meneja alipekua mafaili siku nzima akitafuta angalau moja la kumtania nalo kwenye hotuba. Akakosa.

Nyumbani kwake, kama mlivyosikia kwenye sherehe, hakuna kiyoyozi wala feni. Mkewe alisimama na kipande cha keki mkononi akasema, "Miaka thelathini anawapoza watu wa nje, mimi najipepea na kifuniko cha sufuria." Mzee Baridi akajibu, "Mke wangu, fundi nguo naye huvaa viraka." Mkewe akamwambia kuanzia Jumatatu hana kisingizio.

Kwa wenzetu wapya wa idara ya vipuri ambao hawajauona, niueleze waya wenyewe. Ni hanga la nguo lililonyooshwa. Kabla ya kugusa gari, Mzee Baridi huhesabu maungio yote na kuandika idadi kwa chaki kwenye kioo cha mbele. Kila oringi kuukuu ikitoka, inatungwa kwenye waya. Mwisho wa kazi, oringi za kwenye waya zikipungua namba ya kwenye kioo, gesi haiingii. Mimi nimemaliza shule mwaka jana na kazi yangu ni mapokezi, lakini mchana wateja wakipungua alinipa nishike tochi na kutunga oringi. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sisemi. Wengine mnaniita Binti Kimya. Yeye aliniita mwanangu, basi.

Gari lake la mwisho lilikuwa lile la bluu la milango miwili, lenye umri wa miaka arobaini na mbili, la yule mkunga mstaafu tunayemwita Bibi Mkunga. Alilinunua jipya na hataki kusikia habari ya kuliuza. Gesi yake ilikuwa karibu imekwisha miaka mingi iliyopita, na alikuwa akiendesha vioo vikiwa chini. Jumamosi alikuwa na safari ya siku mbili kwenda kwa mwanawe, pamoja na mdogo wake, ambaye alimwambia mbele ya kaunta yangu, "Dada, mimi kwenye oveni yako siingii tena. Nikiiva, utanila peke yako."

Mzee Baridi alilipokea Jumatatu, siku nne kabla ya kustaafu. Meneja alimsihi amwachie mwingine. Akakataa. "Keki kateni," alisema, "lakini mimi sijastaafu mpaka gari hili lishike gesi. Likirudi linavuja, na mimi narudi."

Aliandika kumi na nne kwenye kioo, akahesabu oringi kumi na nne za kijani, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Jumatano saa nane alikuwa ameinama chini ya dashibodi upande wa abiria, spana mkononi, mimi nikimmulikia, mlipomwita wote kwa pamoja kupiga picha ya kumuaga. Fundi rangi alipaza sauti: "Mzee, njoo! Hayo maungio hayana miguu, hayakimbii!"

"Na nyinyi hamna haya," akajibu, akacheka, akajifuta mikono, akaja. Tulipiga picha kama ishirini. Aliporudi, aliendelea na ungio la kwenye kompresa.

Jioni akaenda kunawa, nami nikahesabu waya. Kumi na tatu. Nikahesabu tena. Kumi na tatu. Asubuhi nilikuwa nimeuangusha, oringi chache zikachomoka na kubingirika chini ya meza, nikaziokota. Nikajua nimepoteza moja. Kusema "nimepoteza" ni neno dogo, lakini halikutoka. Pale kwenye rafu kuna kopo la oringi kuukuu za magari mengine. Nikachukua moja iliyofanana, nikaitunga.

Akarudi, akazipitisha kidoleni moja moja mpaka kumi na nne. "Umenitoa wasiwasi, mwanangu," akasema. Usiku ule usingizi ulinikimbia.

Alhamisi nilifika kabla ya wote nikafagia chini ya meza, nyuma ya mitungi, hata ndani ya viatu vya kazi vya fundi umeme. Sikuipata. Ndipo nilipokwenda kufuta meza na kukuta kifuniko cha chupa. Ndani yake kulikuwa na oringi moja ya kijani.

Nilisimama nikiitazama. Kama moja mpya imebaki, basi hakuna kuukuu iliyopotea. Iko bado ndani ya gari. Ingeweza isionyeshe kuvuja kwenye geji, kile kipimo cha mgandamizo, siku ile, halafu ikaachia njiani, bibi wawili katikati ya safari, na Mzee Baridi arudishiwe gari la kwanza katika maisha yake, wiki yake ya kwanza ya mapumziko.

Saa tatu meneja alimwita ofisini kutia saini fomu za mafao. Mnazijua fomu zile. Nikachukua tochi. Maungio aliyoyagusa yalikuwa yamefutwa yanang'aa. Moja tu, chini ya dashibodi upande wa abiria, lilikuwa bado na vumbi. Nikalala chali sakafuni mwa gari. Spana mbili, moja inashika, nyingine inazungusha, bomba lisipinde, kama nilivyomwona akifanya. Oringi iliyotoka ilikuwa nyeusi, imekauka, bapa. Nikaweka ya kijani kwa tone la mafuta, nikakaza. Ile ya uongo nikaichomoa kwenye waya, nikatunga ya kweli.

Akarudi na wino kidoleni, akaunga pampu, akavuta hewa na unyevu wote kwenye mabomba, akafunga, akakaa kwenye ndoo mbele ya geji. Saa nzima. Nilikuwa nikitoka mapokezi kila baada ya dakika tano kujifanya natafuta kalamu. Sindano haikusogea hata unywele. Akasimama, akapima gesi kwenye mzani, gramu mia nane tu ingawa kibati cha chini ya boneti kinasema kilo moja, maana R134a haijazwi kwa kipimo cha R12. Akawasha injini. Kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kikashuka kumi na tisa, kumi na mbili, sita. Nilikwenda stoo nikalia kidogo, kisha nikarudi kupokea simu.

Ijumaa alikabidhi funguo za kabati lake. Jana Bibi Mkunga alimpigia meneja: wamefika salama, gari linapoa, na mdogo mtu amevaa sweta njia nzima huku akilalamika.

Sasa, kilichonifanya niandike. Nimesikia fundi umeme akisema mzee akiondoka na waya uende, siku hizi kuna mashine za kugundua gesi inapovuja. Samahani, kaka yangu. Waya ulisema kumi na tatu. Mimi ndiye niliyeulazimisha useme kumi na nne. Naomba usitupwe, na naomba msamaha kwa kosa langu.

Mzee Baridi, ahsante kwa mamia ya magari yaliyotoka hapa vioo vikiwa juu. Ahsante kwa kunimulikisha tochi bila kunilazimisha kuongea. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na feni nzuri ya kumnyamazisha mkeo.

Na ninyi wenzangu, moja tu. Atapita hapa, hawezi kukaa mwezi bila kupita. Atauliza habari za kazi, ataligusa gari lililo karibu, atawaambia vijana kwamba tangu aanze hajaruka ungio hata moja. Tulimwita sisi wenyewe kwenye picha, na mimi niliyeshika tochi sikuona. Kwa hiyo tafadhali, jarida hili lisitoke nje ya geti, na akisema hivyo, mwitikieni tu: "Kweli kabisa, mzee."