Sikio la Kushoto la Mzee Stirio

Mtu tunayemuaga leo nimemkosea. Kamati ya sherehe iliponipa ukurasa huu wa kijitabu cha kumuaga nadhani ilitaka sifa tu, si kesi. Poleni. Sifa zipo, kesi pia ipo, na mshtakiwa ni mimi, dereva wa lori la kiwanda.

Mzee Stirio, mtunza stoo wetu, anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini na moja, baada ya miaka thelathini na miwili ya kulinda mali za kiwanda hiki cha sabuni dhidi ya adui mkubwa, yaani sisi wafanyakazi. Ukienda kuomba balbu, kwanza alikuuliza ile ya zamani imekufaje. Wengi wetu tulijifunza kukaa gizani kwa raha zetu.

Nyumbani nako alikuwa mtunza stoo, ila stoo ya huko mke wake alikuwa akiiita sebule. Amplifaya nzito kama mawe ya kusagia, mashine za santuri, deki za kaseti, spika za mbao ndefu kama watoto wa chekechea. Wenyewe walivitupa wakidhani wamevitupa kweli. Yeye alivifuata, akavifuta vumbi, akavibadilisha mikanda, akavipa nafasi nzuri kuliko wageni. Shemeji, mke wake, aliwahi kumuuliza mbele yetu, "Mzee wangu, nikifa utanilaza wapi? Maana hata nikiwa hai sina pa kukaa."

Kumtembelea ulikuwa mtihani. Kiti cha kusikilizia kilikuwa kimoja, katikati, kinatazamana na spika mbili. Ukishakikalia, marufuku kukohoa, marufuku kukunja nne, marufuku kusema "tamu" kabla wimbo haujaisha. Spika ya kushoto ilikuwa ya kushoto tangu ameipata, na kuihamishia kulia, alituambia, ni sawa na kuvaa kiatu mguu usio wake. Kuzipa spika mgongo nako ni kukosa adabu. Nilizicheka sana sheria hizo. Baadaye ndizo zilizonificha.

Mwaka jana alipoezeka upya nyumba yake, spika zililala stoo ya kiwanda. Kuzirudisha nikapewa mimi, na masharti juu: zisipande gari pamoja zikagongana, kila moja na safari yake, ilale juu ya godoro. Ya kulia niliifikisha kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Ya kushoto nikaipitisha kwa binamu yangu, ambaye alikuwa na sherehe na muziki umemzimikia wageni wakiwa wamesimama.

"Nyimbo mbili tu, ndugu yangu," binamu akasema. "Mbao inaumwa nini?"

Akaiunganisha na mashine ya disko. Ikakohoa mara moja, kisha ikaanza kukwaruza kama mtu anayesugua sufuria. Koni, ile karatasi ya ndani inayotoa sauti, ilikuwa imechanika. Mimi bingwa nikaiziba kwa gundi ya viatu, nikarudisha kitambaa cha mbele, nikaipeleka. Nimechelewa kwa sababu ya foleni, nikamwambia. Akanipa pole. Akanipa na soda, nikanywa.

Mtu mwingine angeishuku spika. Mzee Stirio alilishuku sikio lake. Wiki ileile alikuja kazini kichwa kimeinama upande.

"Dereva, sikio langu la kushoto linakufa. Besi hailifikii tena."

"Pole, Mzee. Umri huo," nikamjibu, kwa mdomo huuhuu ninaolia chakula cha leo.

Akaenda kwa daktari wa masikio, akapimwa, akaambiwa ni zima kabisa. Hakukubali. "Daktari anajua masikio," alituambia, "ila spika ile naijua mimi." Angezibadilisha nafasi kwa wimbo mmoja tu angegundua, lakini nani amvalishe mzee wa watu kiatu kisicho chake? Nasi wenzake, kwa huruma yetu inayojulikana, tukawa tunamsengenyea upande wa kushoto. Alisikia kila neno. Alidhani la kulia ndilo linalofanya kazi ya mawili.

Kamati imemnunulia zawadi, spika ya kisasa yenye ukubwa wa kopo la maziwa, inayoimba huku ikiwakawaka taa kama gari la zimamoto. Hongera kamati. Alipodokezwa alicheka kidogo, akasema hahitaji mpya wala kuukuu, kwa kuwa Jumapili hii mnunuzi anakuja kubeba vyote. "Mwenye sikio moja hasikilizi stirio," akasema. "Anasikia kelele tu."

Jioni hiyohiyo shemeji akanipigia simu. Nilitegemea vigelegele, sebule yake inarudi. Alikuwa analia.

"Shemeji, wewe anakusikiliza. Mwambie asiuze. Anakaa kwenye kile kiti bila kuwasha kitu, ananiangalia tu. Nitaishi vipi na mtu wa hivyo?"

Ndiyo maana naandika.

Mzee, sikio lako ni zima. Kiziwi ni spika, na niliyeitia uziwi ni mimi. Asante kwa kuitunza stoo yetu hadi tukakuchukia, maana viwanda vingi vingependa kuchukia hivyo. Wote hapa tunakuombea ustaafu wenye afya, usingizi wa mchana, na majirani wavumilivu.

Nimepata koni inayofanana na yako, na fundi redio ameikubali. Kesho Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi, mimi na yeye tutakuwa mlangoni kwako. Nitukane kwanza, tena mbele ya shemeji, kisha tutaifunga ukiwa umekaa hapohapo, na sitoki ndani ya nyumba hiyo mpaka wewe mwenyewe useme besi imefika.