Nilimshuku Mama wa Langoni

Ndugu zangu, mkiniona naangalia mlango huku nikiongea, msijali. Ni mazoea tu.

Nilikuwa nimeolewa Navakholo, na mwanamume mkata miwa. Alinipiga miaka sita. Siku aliyonivunja mkono, muuguzi aliyenifunga plasta aliniambia polepole kwamba upande wa Mukumu kuna nyumba inayopokea wanawake kama mimi. Nikaenda na msichana wangu wa miaka minne. Niliyemwambia ninakokwenda ni dada yangu peke yake.

Nawaambia ukweli, wale watu sikuwaamini hata kidogo. Mbona wanilishe bure? Obusuma, ule ugali wetu, ikiletwa, nilingoja wengine wale kwanza. Mama aliyesimamia nyumba alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi, kwa sababu mume wangu naye alikuwa mpole kabla hajanioa. Kila Alhamisi huyo mama alikwenda mjini. Nikasema moyoni, huyu anaenda kuniuza.

Mwezi wangu wa tatu pale, asubuhi moja nikifua, nikasikia sauti ya mume wangu langoni. Nikafunga nguo zetu kwenye leso, nikamweka mtoto mgongoni, nikakimbilia nyuma ya jikoni kutafuta pa kupenya kwenye ua. Yule mama akanikuta hapo. Hakunishika.

"Unataka kumwona?" akaniuliza.

Ndugu zangu, tangu niolewe hakuna aliyekuwa ameniuliza nataka nini. Nikadhani ni mtego. Nikasema sitaki.

"Basi hatakuona. Hapa haturudishangi mtu."

Akabeba kiti na ungo wa maharagwe, akaenda kukaa langoni. Mimi nikachungulia dirishani, bado sijafungua ule mzigo. Mume wangu alibembeleza, akatukana, akatishia kung'oa lango. Mama akaendelea kuchambua maharagwe yake mpaka askari wa chifu akaja, na yule mtu akaenda zake.

Baadaye nilijua aliyemwelekeza ni dada yangu. Mume wangu alikuwa amemlilia kwamba amebadilika, naye dada akamwonea huruma. Na safari zile za Alhamisi? Mama alikuwa akinitafutia nafasi kwa fundi wa cherehani. Niliona haya sana. Leo nashona yunifomu za shule hapa sokoni, na msichana wangu yuko darasa la tatu.

Namshukuru muuguzi yule, na mama yule, na wanawake niliolala nao chumba kimoja wakavumilia ukimya wangu. Nanyi wa chama hiki nawashukuru, maana nilikaa nanyi mwaka mzima bila kuwaambia ninakoishi, na hamkunisukuma.

Akija hapa mwanamke anayewatazama kwa jicho la shaka, msimwambie awaamini. Muulizeni anataka nini. Akishasema, fanyeni hilo alilosema.