Sufuria Isiyotoa Moshi

Benchi letu liko Kamembe, mbele ya kibanda cha Issa fundi cherehani, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea mpaka wa Bukavu. Ni ubao mmoja tu juu ya matofali, na upande wa kushoto umebonyea kwa sababu ndipo anapokaa Sima, dereva wa lori la saruji la Muganza, ambaye mwili wake na lori lake ni ndugu. Nasiba hutuletea kahawa ya tangawizi, na tukishashika vikombe hakuna jambo la dunia linalotushinda. Jumamosi ile tulikuwa na mgeni: sufuria ya umeme iliyotoka Kentucky, nyeusi, yenye kifuniko cha kioo, imewekwa juu ya meza ya Issa ya kupigia pasi, na waya wake umepitishwa dirishani hadi kwenye transfoma ya kushusha umeme. Ndani mlikuwa na viazi tangu asubuhi. Papa Buhendwa, mwenye sufuria, alikaa karibu nayo akiitazama kama mgonjwa.

Alikuwa na sababu. Binti yake Nsimire yuko huko Kentucky na bwana wake, na ndiye aliyeileta alipokuja kututembelea. Tangu arudi, kila Jumapili anapiga simu na kumuuliza baba yake kama ameshapika vile viazi vya Amerika. Buhendwa akawa anajibu kwamba amepika. Akiulizwa kama ni vitamu, anajibu vitamu sana. Jumapili iliyopita binti akafurahi, akasema safari ijayo atapiga video, anataka kumwona baba akila. Video ilikuwa kesho, na hadi asubuhi ile Buhendwa alikuwa hajaichomeka sufuria ile hata mara moja.

Transfo, jina lake la kanisani na la nyumbani ni Muhigirwa, ndiye fundi wetu wa umeme. Aligusa ubavu wa sufuria kwa kidole, akafunua kifuniko, akachungulia, akafunika.

— Kuran ya umeme iko naingia, alisema. Lakini chakula yenye iko napikwa inasema. Hii inanyamaza. Debe tupu haliache kuvuma. Hii haivume, donc haiko tupu, ni kitu ya ndani njo imelala.

— Iko nasikiliza, alisema Sima. Ilizoea kingereza.

— Sufuria? aliuliza Transfo.

— Mbwa ya muzungu unaiita na kiswahili, inakuya? Bon.

Akanyanyuka, ubao ukapumua, akafunua kifuniko naye. Mvuke mdogo ukatoka ukaenda zake. Akachoma kiazi kwa uma, uma ukagoma. Akafunika.

Issa hakutaka habari za kingereza. Yeye ni mtu wa swala tano na mkono mwepesi wa sindano, na aliona kosa liko kwenye viazi vyenyewe. Buhendwa alikuwa amenunua viazi vya Kinigi, vile vinavyolimwa chini ya volkano.

— Kirayi ya Kinigi imezaliwa juu ya moto, alisema Issa. Imekomalia pale. Sasa unaipa joto ya maji ya kunawa. Itakubali aje? Mtoto wa nyoka ni nyoka, Papa Nsimire. Iko na dharau.

Naye akafunua, apate kuhakikisha ile dharau.

Sima akapokea hapo hapo. Viazi vya Amerika, alisema, vinasafiri na lori siku nyingi kwenye barabara ndefu, kwa hiyo vinafika jikoni vimechoka, na kitu kilichochoka hakibishani na mtu. Hivi vyetu vilishuka kwenye gari jana tu, bado vina nguvu. Yeye dereva, anajua mzigo unavyochoka. Dawa ni kuvipakia kwenye lori lake, avipeleke Muganza na kuvirudisha, ndipo vichomekwe. Transfo akauliza kama sufuria nayo itapanda lori. Sima akasema ndiyo, na itakaa mbele, maana ni mgeni.

Tulicheka. Buhendwa hakucheka. Alitoa simu akaweka ile sauti aliyoachiwa na binti yake, akaisogeza sikioni kwake ingawa sote tuliisikia. Nsimire alikuwa anataja kwa upole, kama anayemfundisha mtoto: birayi bikatwe minene, bitunguu, siagi, maziwa mazito, pilipili manga, nyama ya kuku iliyokaushwa kwa moshi. Jibini la Masisi liwekwe mwisho. Halafu: "Kule banatiaka nguruwe, Papa, lakini mi nimetia kuku juu ya Papa Issa, naye akule." Halafu: "Mutulie. Inapika polepole. Kifuniko ni kioo, muangalie bila kufunua."

Issa aliinamisha kichwa, akatafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

Hapa lazima niseme ya siku ile, na nitasema kwa hasira, kwa sababu mimi nilikuwa Nyakarenzo kwenye msiba na hasira yangu ni safi. Ilikuwa siku ya mwisho ya Nsimire hapa. Angeweza kwenda sokoni, angeweza kulala. Badala yake aliamka, akamenya viazi, akavitia kwenye sufuria yake, akawaalika hawa wanaume watatu waje kula na baba yake jioni. Wao wakaja tangu asubuhi, kila mmoja kwa wakati wake, kusalimia. Kwetu anayeingia jikoni kusalimia hufunua chungu. Ni adabu: ukifunua unasema una njaa ya chakula cha nyumba hii, na mpishi anafurahi. Kwenye makaa hakuna hasara, moto uko chini unaendelea. Sufuria ile inaishi kwa joto lake lenyewe, ukifunua linakimbia. Transfo alifunua. Sima alifunua. Issa alifunua, akarudi baada ya swala akafunua tena. Majirani wakaja kumuaga msichana, wakafunua. Buhendwa alifunua kuliko wote, kwa sababu alikuwa baba na alikuwa na furaha. Nsimire alicheka akawaomba waache, lakini nani atamkemea mzee kwa adabu yake?

Jioni ikafika, viazi vigumu. Jikoni hakuna moshi, hakuna mlio, hakuna harufu ya kueleweka. Wanaume wakaanza kutazamana. Sima ndiye aliyesema waende mara moja wakashikize tumbo. Wakamchukua Buhendwa wakaenda kula brosheti za nyama na chipsi kule kwenye taa nyingi, na mara moja yao unaijua. Buhendwa aliporudi, meza ilikuwa imetandikwa, viazi vimeiva, na Nsimire hajala. Kwao mtoto hagusi chakula alichompikia baba kabla baba hajaonja. Baba akasema ameshiba, akaenda kulala. Asubuhi binti akapanda basi la Kigali. Sufuria ilibaki jikoni, imeoshwa inang'aa.

Basi hao ndio waliokuwa sasa wamekaa kumfundisha mtu kupika.

— Tuitie kwenye imbabura, alisema Transfo. Makaa kidogo chini, kuran juu. Bikutane katikati.

— Itapasuka, alisema Issa.

— Kidole kimoja hakivunje chawa.

— Muhigirwa, ile methali ni ya bantu kusaidiana.

— Na makaa na kuran si bantu ya kazi?

Sima alikuwa amechoka kusubiri. Alifunua tena, akachoma, akatupa uma juu ya meza.

— Mi sitake kupika ya polepole, alisema. Bakubwa balisema: chelewa chelewa, utamukuta mwana si wako.

Hakukusudia ubaya. Sima anatoa methali jinsi lori lake linavyotoa vumbi, bila kuangalia nyuma kuna nani. Lakini Transfo akamkanyaga mguu. Buhendwa alijifanya anafuta meza kwa mkono. Nasiba akammiminia kahawa bila kuombwa, hadi juu kabisa.

Wakati huo akapita Maman Nabintu, mama wa Bukavu ambaye huvuka mpaka na vitenge kichwani. Alikuwa hatujui zaidi ya salamu. Aliomba kukaa, akatua furushi, akavua viatu. Aliona sufuria, akauliza ni nini, na wote watatu wakamweleza kwa pamoja, kingereza, volkano, lori na makaa, mpaka akainua kiganja wanyamaze. Buhendwa akamweleza kwamba binti yake alipika kwa sufuria hii kabla ya kuondoka, akamwomba kitu kimoja tu. Kwa kuwa yeye ni mama na anajua jiko, angoje kidogo viive, aonje, aseme kama viko sawasawa, kabla ya video ya kesho.

— Nitaonja, Papa, alisema. Hakuna shida. Unielezee tu: ile yenye mutoto alipika ilikuwa aje? Ilikuwa na chumvi mingi ao kidogo? Ilikuwa nzito ao ya maji? Niambie radha yake, nijue ya kufananisha.

Buhendwa alimtazama Issa. Issa alimtazama Transfo. Transfo, ambaye ana jibu hata la kwa nini mwezi haudondoki, alitazama waya.

— Mulikuwa wangapi ku meza? aliuliza Nabintu. Hata mumoja hakumbuke?

— Hatukukula, Maman, alisema Issa polepole. Tulikuwa tumeshiba.

— Bote?

— Bote.

Mama wa watu hakujua ameuliza nini. Akageuka kwa Buhendwa, akiamini kwamba baba angalau atakuwa na neno.

— Na wewe, Papa?

Buhendwa aliweka mikono juu ya magoti.

— Miye nilimuambia niko na usingizi, alisema. Alikuwa ananiangalia, na kijiko eko nayo ku mukono. Sikuonja. Kila Jumapili ninamuambia iko tamu, na radha yake siijue.

Nilitaka kuwatukana wale watu, na nilikuwa na haki. Nikaona nyuso zao, nikaacha.

Nasiba alitikisa chupa yake, haikulia. Akasema kahawa imekwisha, akaanza kukusanya vikombe. Kawaida kahawa ikiisha benchi nalo linaisha, kila mtu anakumbuka ana nyumba. Siku ile hakuna aliyenyanyuka. Sima peke yake, kwa mazoea, alinyoosha mkono kuelekea kifuniko.

Buhendwa aliweka kiganja chake juu ya kioo, akakiacha pale.

— Tungojee, alisema.

Tukangoja. Jua lilishuka upande wa ziwa, Issa akaenda kuswali akarudi, Nabintu akalala kidogo juu ya furushi lake. Kioo chote kilikuwa na ukungu, hatukuona kitu ndani, na yule mzee hakuondoa mkono.