Mashine za Kusikia Ndani ya Leso

Basi lilipokaribia hospitali, mama akafungua leso, akatoa mashine za kusikia na kumvisha bintiye wa miaka minne. Zilikuwa ziking'aa kama zimetoka dukani leo. Mshonaji aliyekaa pembeni yao akashindwa kunyamaza.

"Dada, kwani nyumbani havai?"

"Avae azivunje? Nazitunza. Huvaa siku ya daktari tu."

Dereva akapiga honi. Mtoto akapiga yowe, akazing'oa.

"Umeona? Hazipendi."

"Hajazizoea, dada. Sasa kuongea atajifunzia wapi?"

"Mwanangu namjua mwenyewe." Leso ikafungwa tena. "Nitamvisha mlangoni. Daktari akiuliza, anavaa kila siku."

Basi likasimama. Mama akamwita mwanawe kwa upole kabisa. Mtoto akaendelea kutazama dirishani, mpaka alipovutwa mkono.