Mizani ya Bwana Usipumue

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Usipumue, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne kati ya sita wa fundi saa, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Akitumwa chumvi, kwanza aliuliza iliyokuwepo imekwenda wapi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, akamaliza sekondari mwaka 1973. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha afya kusomea upigaji wa picha za eksirei, akahitimu Novemba 1977. Baba alitaka arithi duka, lakini penye nia pana njia, na mzee mwenyewe ndiye aliyemnunulia koti jeupe la kwanza.

Januari 1978 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya, chumba namba tisa, mwisho wa korido, penye taa nyekundu juu ya mlango. Huko ndiko lilikotoka jina lake, maana kutwa alikuwa akiwaambia watu wavute pumzi na wasipumue. Lakini madaktari walimjua zaidi kwa kurudisha fomu zao za kuomba picha. Kila fomu aliuliza: picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu? Asipojibiwa, hapigi. Alisema mionzi haina rangi wala harufu, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuikumbuka.

Wa kwanza kugombana naye kwa sababu hiyo alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Walinuniana mwaka mzima, wakaoana tarehe 6 Desemba 1980. Siku ya harusi, mpiga picha alipoinua kamera, bwana harusi aliamuru ukoo mzima usipumue, na ukoo ukatii. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike.

Lipo jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe leo, lisifichwe. Mwaka 1994 alikuja kwake fundi cherehani mwenye mimba ya miezi mitano, anakohoa na kukonda, na daktari alikuwa amemwandikia picha ya kifua. Kaka alimwonea huruma mtoto aliye tumboni, akamwambia mama arudi akishajifungua. Mtoto alizaliwa salama. Mama alikutwa na kifua kikuu kilichokwisha kula pafu moja, na hadi leo hawezi kumaliza ngazi bila kusimama mara mbili. Kaka alikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Fundi aliacha kushona, akamtazama.

"Kaka yangu, mtoto ulimwogopea," alisema. "Mimi hukuniogopea."

Maneno hayo yalimwingia. Tangu hapo kila fomu aliipima pande mbili: hatari ya kupiga na hatari ya kutopiga. Fomu hakuacha kuzirudisha, ila sasa alimfuata daktari mpaka ofisini wajadiliane.

Alistaafu 2016. Julai 2018 binti yake, mjamzito wa miezi saba, alibanwa na pumzi ghafla. Walimpima miguu kwa ultrasaundi, maana mara nyingi damu huanza kuganda huko, wasione kitu. Daktari akahofia damu iliyoganda kwenye mapafu, akataka picha ya CT ya kifua, ambayo nayo hutumia mionzi. Binti alikataa katakata.

"Baba, si wewe uliyetufundisha?"

"Nilikufundisha kuuliza, mwanangu. Kukataa sikukufundisha. Basi niulize."

Aliuliza, naye akamjibu taratibu: mionzi inapita kifuani, inayomfikia mtoto ni kidogo sana, lakini damu ile ikiziba, wanaondoka wote wawili. Binti alikubali. Damu iliyoganda ilionekana, akaanza sindano za kuzuia damu kuganda siku ile ile.

Januari mwaka huu, 2024, kaka alianza kuwa na macho ya manjano. Picha ilionyesha saratani ya kongosho. Wapo walionong'ona kwamba mashine zake ndizo zinazomuua. Mwenyewe alisema beji yake ya kupimia mionzi ilisoma chini miaka yote, na kwamba hata hivyo hakuna awezaye kuapa. Walipotaka kumpiga picha ya pili, alikataa kwa upole, kwa kuwa isingebadilisha tiba. Alifariki nyumbani, tarehe 11 Mei, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Ameacha mke, ndugu watatu, mtoto wa kiume na wajukuu wawili kwake. Ameacha pia binti, aliyekaa hapa mbele, na huyo aliyempakata, mjukuu wa miaka mitano, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2018, mzima.

Kaka, kwa amani pumzika.