Cherehani ya Mihuri

Wakubwa wenzangu, hamjambo? Na nyie wajukuu, marahaba, hata kabla hamjaniamkia! Nasema nimekaa, magoti haya hayataki sifa.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni. Ukiupata mche mmoja unaukata vipande kama keki ya harusi. Mara, paap! Mtaani kwetu Mwembesongo likafunguliwa duka, sabuni mpaka darini. Mwenye duka anakopesha, na ukichukua kitu anakugongea muhuri kwenye kikadi. Kadi moja ikijaa, blanketi. Zikijaa kumi, cherehani.

Ndugu zangu, nawaambia, ile cherehani ilinipagawisha. Nyeusi, shingoni maua ya dhahabu. Nikilala naisikia: trrr, trrr. Naota naushona ukungu wa Uluguru, milima yote naivalisha magauni. Cheka tu, mama, ndivyo nilivyoota.

Basi nikawa nakopa sabuni nisizozihitaji, napata mihuri. Sabuni chini ya kitanda, sabuni juu ya kabati. Uji wenyewe ulinukia sabuni! Kadi moja ikajaa, nikaanza ya pili.

Hapo binti yangu akachaguliwa sekondari ya bweni. Blanketi hana, na hela yote inaishia kwenye deni la sabuni.

"Mama, si uchukue blanketi kwa hiyo kadi?"

"Weee! Nikiitoa, cherehani nitaipata lini?"

Akaanza kukunja kanga yangu kuukuu, ndiyo akajifunike. Jirani yangu alikuwa mlangoni, akanitazama.

"Shoga, cherehani yako iko ndotoni. Baridi ya mwanao iko bwenini."

Yaani nimesimama wima, macho wazi, lakini ndo kwanza naamka.

Nikapeleka kadi, nikarudi na blanketi jekundu. Na deni je? Wanawake wa kikundi chetu cha kusaidiana wakasema, sabuni tukaziuze juu mlimani, huko maduka hayajafika. Tukapanda mlima na miche kichwani. Watu wanateremka na ndizi zao, wanatushangaa: "Mbona mwapanda na mizigo, mmepotea?" Ukungu ukatufunika, siwaoni wenzangu, nasikia harufu ya sabuni tu mbele yangu, nikadhani naota tena. Kumbe ndo nalipa deni! Ziliisha zote.

Toka hapo tukawa na kadi moja, kikundi kizima. Kila mtu ananunua kile ambacho angenunua hata muhuri usingekuwepo, hela mkononi. Kadi ikijaa, anapewa mwenye shida ya karibu.

Asante jirani yangu, yule pale anajificha na mtandio. Asanteni mlionibebea, shingo zenu naziombea dua kila siku. Na nyie wajukuu wenye makadi ya benki na mapointi, nunueni kwa sababu mnahitaji, zawadi ifuate nyuma. Ikija, ichukueni iwafae, msiiweke mkabaki kuiota.

Lile blanketi analo mjukuu wangu. Cherehani? Bado naiota. Inashona vizuri hiyo, na hainidai hata senti.