Mikono ya Siku ya Kura

Katika taksi, basi dogo la kwenda Ggaba, Lamwaka alikuwa akimnyonyesha mwanawe, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako mama muuza samaki alikuwa akibishana na mzee mmoja, askari mstaafu.

"Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa kijiji," mzee alisema. "Kila mtu anapanga mstari nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe. Wewe Mkenya utapanga wapi?"

"Pembeni, afande, kama siku zote. Wale wanaopanga, nawashikia watoto wao." Akacheka kidogo. "Lakini mtaro ukiziba, maji hayaulizi kitambulisho. Yanaanzia kwangu. Natamani na mimi nihesabiwe, hata mara moja tu."

"Nenda ukahesabiwe kwenu."

"Kwetu wananiita Mganda."

Mzee akatikisa kichwa, hakukubali. Askari hastaafu ubishi.

Taksi ikasimama. Mama yule alitangulia kushuka, akageuka na kunyoosha mikono, na Lamwaka akampa mtoto bila kufikiri, ili naye ashuke vizuri. Mtoto akatulia kifuani kwa mama yule. Lamwaka alisimama mikono mitupu, akaona haya kumpokea, maana Jumamosi yeye angepanga mstari, na mama huyu angebaki pembeni.